Katikati ya Uwanja Kuna Giza

Kinyangiri, Mkalama
21 Januari 2024

Mwanangu Aneth,

Ni mjomba wako Simeoni. Nimekaa mlangoni kwenye banda langu la mpira, mvua imenifungia hapa na sina pa kukimbilia, basi nikasema nikuandikie. Sisi wazima. Mtama wa bondeni umelazwa na maji ila alizeti imesimama. Mbuzi mweupe wa mama yako amezaa mapacha. Kanisani wametuletea mwinjilisti mpya, anahubiri mpaka ugali unapoa majumbani. Mama yako anakusalimu sana, anasema ule vizuri na uvae nguo nzito huko Korea kwenu.

Sasa tuje kwenye mzigo. Umefika na lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu kutoka Dar, umefungwa katikati ya magodoro kama ulivyosema. Tulikibeba hicho kioo cha TV watu wanne, taratibu, kama tumebeba mgonjwa. Tulipokiwasha watu wote walisogea mbele. Mimi nimeonyesha mpira hapa tangu enzi za TV yenye kisogo, lakini weusi kama ule sijawahi kuuona. Mwamuzi akivaa nyeusi unaona mpaka mikunjo ya suruali. Siku hizi watoto wanakaa chini mbele, wakubwa kwenye mabenchi, na bado kuna wanaosimama mlangoni.

Ila kina kasoro moja. Pembeni kinawaka vizuri, katikati kimefifia. Ukiangalia mpira, magolini ni mchana na katikati ya uwanja ni jioni. Watu wameanza kunitania, wanasema kiungo wetu apewe tochi. Nathan, yule fundi redio, anasema ni umeme mdogo tu, kama taa zetu zinavyolegea jioni kila nyumba ikiwasha. Anasema kwenye boksi la umeme lililokuja na kioo kuna kaskrubu, ukikazungusha nguvu inaongezeka na katikati patawaka. Nimemwambia atulize mikono yake mpaka nikuulize.

Nimeandika barua kwa sababu ulikataza habari za kioo kwenye simu. Sababu sijaielewa, ila nimetii. Si kawaida yangu, uliza mama yako.

Nakuombea usiku na mchana, mimi mjomba wako ambaye sasa ni maarufu mpaka mnadani,
Simeoni


25 Februari 2024

Mjomba, shikamoo. Na mama shikamoo, maana najua utamsomea.

Mimi mzima. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, natembea kama nimebeba blanketi zima mgongoni. Kazini bado nipo kitengo cha kupima. Nimecheka sana habari za mwinjilisti. Mapacha wa mbuzi ni majike? Mwambie mama asiwauze.

Kitu kimoja hakijakaa vizuri moyoni. Barua zako zote za nyuma, mama alikuwa anaandika mistari miwili mitatu chini, na kalamu yake ile ya kukandamiza mpaka karatasi inatoboka. Hii haina. Ni mzima kweli?

Kuhusu kioo. Nathan ni fundi mzuri lakini huo si umeme mdogo. Unakumbuka shamba la vitunguu la babu kule mtoni? Maji yaliingilia pembeni. Majaruba ya mwanzo yanashiba, yale ya katikati yanapata matope. Kioo hiki ni hivyo hivyo. Aina hii inaitwa OLED, haina taa nyuma, kila kidoa cha picha kinajiwakia chenyewe. Umeme unaingilia pembeni na kusafiri kwenda katikati kupitia utando wa chuma mwembamba mno, mwembamba mpaka mwanga unapenya. Wembamba huo unaubana umeme, volti inapungua njiani, ukifika katikati umechoka. Kioo cha simu hakina shida hiyo, safari ni fupi. Kikiwa kikubwa kama mlango ndipo matatizo yanaanza.

Kazi yangu na wenzangu ni kupunguza upungufu huo. Tunachora vijinjia vya chuma kinene kidogo kati ya vidoa, mfano wa kuchimba mifereji inayopeleka maji moja kwa moja kwenye majaruba ya mbali. Hicho mlicho nacho hakina mifereji ya kutosha. Kilikuwa cha majaribio na kilikataliwa. Sasa ukifungua mlango wa maji zaidi, yale majaruba ya mwanzo ndiyo yanayozama. Kwa hiyo ile skrubu isiguswe. Acheni katikati pawe jioni, watu watazoea.

Usiniulize zaidi, mjomba. Nilitia sahihi hapa ya kutunza siri za kiwanda. Vioo vilivyokataliwa vinatakiwa kusagwa vyote, na mimi kimoja nikakitoa kwa kukuonea huruma na ile TV yako. Hosteli tunayolala mtandao wake ni wa kiwanda, sijui nani anasikiliza nini. Wakijua, nafukuzwa, na kibali changu cha kukaa kinakwisha siku hiyo hiyo. Naogopa. Nikisikia viatu kwenye korido naogopa.

Barua hii ukishaisoma itie jikoni iungue.

Mtoto wenu aliye mbali,
Aneth


Kinyangiri
7 Aprili 2024

Aneth mwanangu, marahaba. Amani iwe kwako.

Barua nimeitia jikoni, ila kwanza niliisoma mpaka nikaielewa. Mapacha ni jike na dume. Mvua zinaelekea kuisha, vitunguu vimetoka vizuri, mwaka huu walanguzi wanavifuata shambani wenyewe. Juma lililopita tulimzika mzee wa mashine ya kusaga, yule aliyekuwa anakupa pumba za kuku wako ukiwa mdogo. Alizikwa na watu wengi.

Mama yako hajambo. Hakuandika kwa sababu mkono ulichoka na kumenya karanga, basi. Uache kujitisha. Mtu akikaa mbali, kila kitu kidogo anakiona kikubwa. Anakula, anaongea, anamsema kila mtu kama kawaida yake, na mimi naongoza kwa kusemwa.

Habari za mifereji nimewaeleza wateja, bila kusema zimetoka wapi. Wakanicheka. Mmoja aliniuliza kama kioo kinataka na mbolea. Kuna wengine walikuwa wameanza kuhama, wanakwenda kuangalia kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara mwenye TV ndogo, wanasema afadhali ndogo ambayo mpira hauingii gizani. Hilo liliniuma kidogo, sikufichi.

Lakini sasa mambo ni mazuri. Katikati panaonekana vyema kabisa, nadhani kioo kimezoea. Kuhusu ile skrubu, mkono wangu mimi haujaigusa, nasema kweli mbele za Mungu.

Kuna kijiharufu kinatoka saa nyingine, kama nguo mbichi inayopigwa pasi. Nathan anasema ni upya wa kitu, utaisha. Na paka wangu siku hizi amehamia juu ya ubao ulio chini ya kioo, upande wa kushoto, hapo ndipo analala. Anapenda kajoto kake. Nimemwacha, angalau panya watakaa mbali na waya.

Usiwe unapiga simu mchana na kuuliza uliza mambo ya mama. Ukimkuta amelala ni kupumzika tu.

Wako katika Bwana na katika mpira,
Mjomba Simeoni


12 Mei 2024

Shikamoo mjomba. Poleni kwa msiba wa mzee wa mashine. Nimelia hapa peke yangu, hakuna hata mtu wa kumwambia yule mzee alikuwa nani.

Nitasema kwa adabu yote niliyofundishwa: vioo havizoei. Katikati pakianza kuwaka, kuna mtu amezungusha ile skrubu. Kama si mkono wako ni mkono wa nani? Ukiniapia mbele za Mungu kuhusu mkono wako tu, mimi nilikulia nyumbani kwako, nakujua.

Mrudishe paka ndani. Na Nathan airudishe skrubu ilipokuwa. Kama haiwezekani, kizimeni kabisa, rudini kwenye TV ya zamani. Wakikuhama wakuhame.

Mjomba, huku mambo hayajakaa sawa. Wamehesabu vioo vilivyokataliwa na hesabu haikutimia. Kila mmoja wetu aliitwa ofisini. Mimi niliulizwa nikajibu. Bado hawajui. Kuna lingine pia. Kiongozi wa kitengo hataki kusikia habari za kuongeza mifereji, anasema itachelewesha. Anataka vioo vipya viongezewe nguvu kutoka pembeni, basi. Nilipima pembeni kioo kikiwa kimewaka muda mrefu. Akaniambia nirudie kupima asubuhi, kikiwa kimepoa. Nikapima kilichopoa, nikaandika kilichopoa, nikatia sahihi. Yanayotokea hapo pembeni kikiwa moto siwezi kuyaandika kwenye karatasi. Nielewe hivyo hivyo.

Nijibu haya mawili tu. Nyuma ya kioo, upande wa pili wa ukuta, kuna nini? Na nani anakaa karibu?

Tukiongea kwa simu tunazungumza mbuzi na mvua, na mama anaongea kama mtu aliyelala chali. Nikimwambia atoke nje mtandao ukamate vizuri, anasema pale alipo panatosha. Mama yangu alikuwa anatembea na simu mpaka kisimani. Kuna jambo mnanificha.

Nawapenda na nawaogopea,
Aneth


Kinyangiri
16 Juni 2024

Aneth,

Salamu zetu zikufikie. Alizeti tumevuna, magunia yamepangwa mpaka dari. Baridi ya Juni imetushika mwaka huu, asubuhi watu wanaota moto wa mabua barabarani. Paka nimemrudisha ndani kama ulivyosema, akarudi mwenyewe kwenye ubao wake.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka nikujibu nusu, mama yako akakataa. Amesema nikuandikie yote au nisiandike kabisa, na ameomba karatasi abakishiwe nafasi chini.

Mama yako miguu imekufa ganzi. Ilianza kabla ya Krismasi, taratibu, mwanzo vidole, kisha magoti. Hospitali walisema ni sukari na wametoa dawa, anatumia. Hatembei. Tulikubaliana tusikuambie kwa sababu ungeacha kazi na kupanda ndege, na hiyo kazi umeihangaikia tangu ukiwa msichana mdogo. Nilimhamishia kwangu. Nyumba kubwa ina ngazi na ukuta wa uani umebomoka, kwa hiyo nilimtengenezea chumba kidogo nyuma ya banda, ambapo nilikuwa naweka makreti. Pale akiita nasikia, na wateja wanapita kumsalimia.

Kwa hiyo umeuliza nyuma ya kioo kuna nini. Kuna mama yako.

Ukuta wa katikati ni wa mabanzi. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye nyufa na kumsumbua, ndipo akasema tuupigilie ule mkeka wake, ule wa rangi aliokusukia wewe uje uanzie maisha. Nikakataa, akasema mwenyewe hayupo, mkeka unaliwa na mende bure. Basi upo hapo, nyuma ya kioo, na kitanda chake kimeegemea hapo hapo.

Skrubu alizungusha Nathan, siku wateja walipoanza kuhama. Nilisimama pembeni nikaangalia ukutani, ndiyo maana niliapa vile. Ulipoandika nikamwambia airudishe, akairudisha. Kisha ikaja fainali ya kombe, watu wamejaa mpaka nje, wakapiga kelele kwamba hawaoni kiungo, akaizungusha tena, na safari hii zaidi. Haijarudi. Sikukuelewa vizuri unaogopa nini hasa. Kama ni kioo kuharibika mapema, basi kiharibike, kimeshatufaa.

Usinikasirikie sana.
Mjomba

Mwanangu Aneth mimi nipo usiogope. Huu ukuta una joto zuri sana, miguu ikiganda naisogeza hapo hapo inapata moto. Mjomba wako amenisogezea kitanda. Mungu akulinde. Mama.


13 Julai 2024

Mjomba, leo sianzi na salamu.

Barua yako nimeipokea jioni hii nikirudi kazini. Niliisoma nimesimama mlangoni pa hosteli, viatu sijavua. Nilipofika kwenye mwandiko wa mama nilikaa chini kwenye sakafu. Kwenu ilikuwa bado mchana, Jumamosi, nikajua mnaonyesha filamu ya Kihindi na kioo kimewaka tangu saa nyingi.

Nimekupigia, hukupokea. Nimepiga tena na tena. Nilijua simu ipo mfukoni na banda lina kelele. Nikampigia mama. Akapokea, akaanza kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia kwa Kinyiramba asogee mbali na ukuta. Akasema miguu haisogei mwanangu, tena hapa ndipo pana joto. Nikamwuliza kama kuna harufu. Akasema ipo, lakini ipo siku zote. Nikamwuliza waya wa kioo umechomekwa wapi. Akasema unapita chini ya kitanda chake mpaka soketi ya ukuta wa pili. Nikamwambia auvute. Akasema watu wanaangalia filamu, watakasirika.

Nikapiga kelele, mjomba. Nimempigia kelele mama yangu. Nikamwambia vuta. Nikasikia kitu kizito kimeanguka. Kisha watu wengi wakapiga kelele kwa pamoja. Kisha simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani, na yako inaita tu.

Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa. Sasa ngoja nikuandikie nilichokukatalia. Pembeni, pale utando mwembamba unapokutana na waya mnene, maungio ya kundi hilo la vioo ni mabovu. Ukiongeza nguvu ili katikati pawake, umeme wote unapita hapo kwanza, na hapo panachemka. Joto halitoki, linaingia ukutani. Ukutani kukiwa na zege hakuna kitu. Ukutani kukiwa na mabanzi na mkeka mkavu, panakauka, panakuwa kahawia, na siku moja panashika. Nilijua hivyo tangu Februari. Niliogopa karatasi niliyotia sahihi kuliko nilivyowaogopea ninyi, na sikuandika. Ningeandika mstari mmoja tu ungemtoa mama pale siku hiyo hiyo.

Habari za kioo nimezipigia kelele kwenye simu, kwenye ukumbi, watu wakipita. Sasa hata wasikilize.

Piga simu. Tafadhali piga simu.

Aneth


Kinyangiri
18 Julai 2024

Mwanangu,

Barua uliyosema uliiandika siku ile haijafika na sikuisubiri. Kwenye simu nilikuambia mama mzima, na ni kweli, amekaa hapa uani anaota jua na kunitazama ninavyoandika. Ila kwenye simu sikukueleza yote. Ulikuwa unalia na mimi nilikuwa sijui nianzie wapi.

Filamu ilikuwa imefika pale mtoto anapomtambua baba yake, mara kioo kikazimika. Watu wakalipuka. Mmoja akanirushia kofia. Mimi nikadhani umeme umekatika, lakini taa ya mlangoni inawaka. Ndipo nikasikia mama yako anaita nyuma, si kwa nguvu, ananiita jina langu la utotoni. Nikakimbia.

Nilimkuta chini. Alijiangusha kutoka kitandani kwa makusudi, akajivuta kwa viwiko mpaka kwenye soketi, na waya alikuwa ameukumbatia kifuani kama mtu aliyekamata nyoka. Simu ilikuwa imevunjika chini yake. Kiwiko kimechubuka na bega limevimba, ila mifupa haikuvunjika, walimpima. Nilipomuuliza amefanya nini alisema, Aneth ameniambia nivute.

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Wateja walikuwa wanadai filamu yao. Nathan akaja na tochi ili achomeke tena. Ndipo nikaweka mkono ukutani kuinuka, nikautoa haraka. Tukakishusha kioo. Nyuma yake mabanzi yalikuwa yamegeuka rangi. Nikaenda upande wa mama nikaubandua mkeka. Mwanangu, huo mkeka katikati ulikuwa mzima, rangi zote zipo, zambarau na kijani kama siku alipoumaliza. Lakini kulia na kushoto kulikuwa na mistari miwili ya kahawia, kutoka juu mpaka chini, na nilipoigusa ilisagikia mkononi. Upande wa kushoto, pale anapolaza miguu, kingo zilikuwa nyeusi.

Niliutoa nje nikawaonyesha wateja. Yule wa kofia aliinama akaokota kofia yake. Wakaondoka mmoja mmoja, na walipofika kwa mama yako kila mmoja alimpa pole. Nathan alibaki mpaka jioni amekaa kwenye benchi ameshika kichwa. Mimi usingizi sina tangu siku hiyo. Nikifumba macho nawaona watoto wamekaa chini pale mbele.

Mama yako nimemhamishia nyumba kubwa, nimetengeneza ngazi iwe mteremko. Kioo nimekilaza uani, uso chini. Kuku wanapanda juu.

Nimekata kipande cha mkeka, pale mstari wa kahawia unapokutana na rangi, nimekitia ndani ya barua hii. Sijui kwa nini. Mama yako alisema ukione kwa macho yako. Nilitaka kukukasirikia kwa kutuficha yale uliyonieleza kwenye simu, kisha nikakumbuka na mimi nilikuwa nimekuficha nini.

Tunakushika mkono kutoka huku,
Simeoni


24 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo, kiwiko kinaendeleaje?

Nimefurahi sana kusikia habari ya mteremko. Mama anywe dawa hata akijisikia vizuri. Yule mbuzi jike akianza kutoa maziwa, mnipigie picha. Huku joto limeanza kupungua, majani ya miti ya barabarani yanaanza kuchoka.

Kipande cha mkeka kilifika salama. Kwanza nilikinusa. Upande mmoja kinanukia chumba cha mama na upande wa pili kinanukia moshi. Nikakiweka ndani ya Biblia, nikakaa nacho juma zima, nikienda kazini na kurudi.

Juzi tuliambiwa vioo vipya vipo tayari kusafirishwa. Ni vya lile kundi lenye maungio yale, vimeongezewa nguvu kutoka pembeni kama kiongozi alivyotaka. Vinakwenda kufungwa kwenye kuta za nyumba za kulea wazee, kila chumba kimoja, ili walio vitandani waangalie. Karatasi ya vipimo ina sahihi yangu, vile vipimo vya asubuhi. Nilipomuuliza kiongozi kuta hizo ni za nini, akasema hayo si ya kitengo chetu.

Usiku sikulala. Nilijiambia nina miaka miwili tu imebaki kwenye mkataba, nikajiambia pengine kuta zao ni za zege.

Asubuhi, kwenye kikao, wenzangu wote wakiwepo, nilitoa kile kipande nikakiweka mezani mbele ya kiongozi wetu. Akakigeuza kwa ncha ya kalamu. Kwanza alidhani ni pambo la kwetu, zawadi. Akasema ni kizuri. Kisha akaona ule mstari wa kahawia, akaupima kwa macho, na mimi nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu upana wa mstari ule anaujua, ni wa yale maungio ya pembeni, aliyachora yeye.

Akauliza kitu hiki kimetoka wapi.

Nikamwambia kimetoka chumbani kwa mama yangu, na kioo kilichokiunguza nilikichukua mimi.

Wameniambia nisubiri hosteli mpaka niitwe. Kadi yangu ya kuingilia kiwandani wamebaki nayo. Lakini malori hayajatoka, nayaona dirishani, bado yamepangwa vilevile tangu jana.

Kile kioo msikivunje na msimpe mtu, huenda wakakihitaji. Na mwambie mama, kama bega linaruhusu, aanze kusuka mkeka mwingine. Huo nadhani nitaufuata mwenyewe, tena mapema kuliko tulivyopanga.

Aneth wenu